Muulizeni Mzee Mwenyewe

*Bibi, baba ana saratani ya umio, imefika kwenye ini. Kaka anataka tuuze shamba la miti Mufindi tumpeleke Dar. Baba anasema hatoki nyumbani. Tukimwacha, si tutakuwa tumemuua? – N.M., Kihesa, Iringa*

Pole, mwanangu N.M. Umeandika kwamba baba hushika kikombe cha uji mpaka kinapoa, kisha anakirudisha kimejaa. Mtoto anayeona hayo hawezi kuitwa muuaji.

Njia mnazo

Ya kwanza ni Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, karibu kilomita 500 kutoka hapo. Saratani ikishasambaa hivyo, mionzi haiponyi, ila yaweza kufungua koo ameze. Basi muulizeni daktari waziwazi: safari hii itamwongezea siku, au itamsaidia kumeza? Na mwili utaihimili?

Ya pili ni tiba shufaa: kutuliza maumivu mgonjwa akiwa kwake. Ipo mofini ya maji, ya kunywa. Dkt. Anne Merriman aliipeleka Uganda mwaka 1993, na wagonjwa wakaanza kuinywea majumbani. Mtaani husemwa inaua. Ikipimwa na daktari haiui; hufunga choo, ndiyo maana hutolewa na dawa ya kulainisha.

Hatari zake

Shamba likienda, mama atakula nini? Na baba akifia wodini Dar, mtaupanda Mlima Kitonga na jeneza, deni likiwasubiri Kihesa. Lakini nawe usijifiche nyuma ya neno "nyumbani". Kumlaza ndani bila dawa, akiuma meno usiku kucha, huko ndiko kumwacha.

La kufanya

Sasa nikukaripie kidogo. Mmekaa vikao vitatu vya ukoo, na mwenye ugonjwa hakuitwa hata kimoja! Akili yake ni timamu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwambieni ukweli wa daktari, mumuulize anaogopa nini na anataka siku zake ziweje. Kaka awepo, asikie kwa masikio yake.

Akichagua Dar, mpelekeni. Akichagua nyumbani, nendeni hospitali ya mkoa mkaulizie tiba shufaa kabla maumivu hayajawatangulia. Siku za kuishi hatuzigawi sisi. Namna ya kuziishi, aseme yeye.

Kikao cha nne kifanyieni chumbani kwake, na neno la kwanza liwe la baba.