Maharage Yatanila Mkaa: Miaka Yangu na Stoo ya Kanisa

Mwaka 2017 nilikabidhiwa ufunguo wa chumba kilicho nyuma ya kanisa letu hapa Mbagala. Ndani mlikuwa na viti vya plastiki vilivyovunjika, spika iliyopasuka na boksi la vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa. Mchungaji akasema, "Mama, hapa tuweke chakula cha wasiojiweza." Nikaitikia amina. Sikuuliza chakula kitatoka wapi, wala nani atashika ufunguo siku nikiugua. Maswali hayo mawili yamenisumbua tangu siku ile, na la pili limenitesa kuliko la kwanza.

Naandika haya kwa sababu kila baada ya miezi michache napigiwa simu na mtu wa usharika mwingine anayetaka kuanzisha stoo kama yetu. Wote huanza na swali lile lile: wafadhili mmewapata wapi? Hatuna mfadhili. Tena chakula cha kuanzia hakijawahi kuwa tabu kwetu. Sikukuu ya Mavuno ikifika, madhabahu haionekani: mikungu ya ndizi, mahindi, viazi, maboga, na kuku waliofungwa miguu wanaojibizana na mhubiri. Tabu ni Februari, ada za shule zikishakomba mifuko ya watu na bei ya mahindi ikiwa imepanda, huku mavuno mapya yakiwa bado yako mbali.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuivusha ile neema ya siku moja mpaka Februari. Kwetu ilianzia mnadani. Mnaujua mnada wa kanisani: jogoo mmoja ananunuliwa, anarudishwa, ananunuliwa tena, mpaka ameleta hela ya mbuzi. Hela inaingia kwenye mfuko wa kanisa, na mfuko una mambo mengi. Paa linavuja, mpiga kinanda anataka nauli. Nikaomba baraza la wazee jambo moja tu: vibichi na vyenye manyoya viende mnadani, nafaka kavu na maharage vije stoo. Nikakataliwa. Nikaomba tena, nikakataliwa kwa upole zaidi. Mara ya tatu nilienda na daftari, nikawasomea kaya zilizofika mlangoni Februari zikaondoka mikono mitupu. Mzee aliyekuwa mkali kuliko wote akasikia imo nyumba ya jirani yake, wa ukuta kwa ukuta. Hakusema kitu tena, na hoja ikapita. Tangu siku hiyo siendi kwenye kikao na huruma peke yake.

Mwaka wa pili tukapata baraka iliyotuponza. Muumini mmoja alituletea magunia manne ya mahindi kutoka shambani kwake Morogoro. Tukapiga vigelegele, tukayapanga sakafuni yakiegemea ukuta, kwa sababu hivyo ndivyo yalivyopendeza. Masika ikanyesha. Mwezi Mei nilipofungua gunia la chini, harufu ilinipiga kabla macho hayajaona: mahindi yameshikana mabonge, yana ukungu wa kijani. Mmoja akasema tuyaoshe, tuyaanike, tukasage, kwani yakishasagwa nani atajua? Mwingine akasema basi tuwape kuku. Mimi nilikuwa nakumbuka habari za 2016, sumukuvu ilipoua watu huko Dodoma na Manyara. Sumu ile haiishi kwa kusaga, wala kwa kusonga ugali mpaka mwiko usimame, na kuku nao inawadhuru. Tulichimba shimo nyuma ya choo tukayafukia yote jioni, tukizungumza kwa sauti za chini kama wezi. Jumapili iliyofuata ilibidi nisimame mbele ya watu niseme yalikokwenda mahindi yao. Nilisema. Ilikuwa vibaya, lakini naamini michango isingerudi kama ningenyamaza.

Basi sasa magunia yetu yanakaa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita kiubavu na ufagio. Na mahindi hayaingii mpaka yapimwe. Kipimo chenyewe ni cha bure: chukua chupa kavu ya glasi yenye mdomo mpana, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji, yarudi juani. Ikianguka yote chini, yapokee. Yaliyopita mtihani huo tunayatia kwenye mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba kimoja. Siri yake ni kuibana hewa: funga nailoni ya kwanza, kunja, funga ya pili, kisha kiroba. Dumuzi waliomo ndani wanakosa pumzi wanakufa, na hutii dawa yoyote kwenye chakula cha watu. Ila tundu moja la msumari linaharibu kazi yote, kwa hiyo usiruhusu mtu aburute mfuko. Kuhusu panya sina elimu yoyote, nina paka.

Jambo jingine: tunza mahindi, usitunze unga. Dona halikai, mafuta ya kiini yanaufanya unga uchachuke. Tunasaga kidogo kidogo wiki ya mgao.

Sasa niwaambie habari ya maharage, maana hapa ndipo nilipojiona mjinga. Kwa zaidi ya mwaka kila kaya ilipata unga kilo 5 na maharage kilo 2, nami nikajipongeza kwamba nimewapa wanga na protini kama walivyotufundisha kliniki. Alhamisi moja bibi mmoja, mtu mzima wa kujikongoja, akafungua kikapu chake mezani, akatoa maharage, akanisogezea.

"Bibi, vipi? Yana wadudu?"

"Hayana, mwanangu. Maharage mazuri. Lakini haya yatanila mkaa."

Nikamwomba anieleze. Alikuwa ananunua mkaa kwa kopo, kopo moja kwa siku, na kopo hilo haliivishi maharage likabaki na moto wa ugali. Nilipoanza kuwauliza wengine, nikakuta wanayauza kwa jirani mwenye jiko la gesi ili wapate hela ya dagaa. Hawakunidanganya, mimi ndiye sikuuliza. Siku hizi mwenye kutaka anapewa choroko, zinazoiva haraka, au dagaa. Anayependa maharage tunamkumbusha kuyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji. Tumeongeza pia kipande cha sabuni, na niseme ukweli: siku sabuni ikikosekana, nasikia manung'uniko kuliko siku mafuta yakikosekana. Mtu anaweza kukopeshwa unga na jirani. Sabuni anaona aibu kuomba.

Michango ya kila mwezi inatoka kwenye jumuiya. Zamani tulitangaza tu "leteni mlichojaliwa", na mwezi mmoja tukajaliwa pakiti za chumvi zisizohesabika na lita mbili za mafuta. Sasa kila jumuiya ina kitu chake kwa miezi mitatu, halafu wanabadilishana. Waliopangiwa mafuta hulalamika, maana ndiyo ghali. Wavumilie, zamu ya chumvi itawafikia. Mwenye fedha taslimu tunamwomba aitoe Julai mpaka Septemba, mahindi yakiwa yametoka shambani, isisubiri huruma ya Krismasi. Shilingi ya Agosti inanunua debe ambalo ya Februari hailifikii.

Kuhusu nani apewe, majina yanaletwa na viongozi wa jumuiya na mjumbe wa mtaa, kisha basi. Niliwahi kuwa na fomu ya maswali kumi na nne. Niliitupa baada ya kumwona baba wa makamo akilia kwenye swali la sita. Wengi wanaokuja ni Waislamu, ndivyo mtaa wetu ulivyo, na mzee mmoja aliponiuliza kama hilo ni sawa nilimjibu kwamba dumuzi hawaulizi gunia ni la dini gani. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, kila mtu huja na kapu lake. Serikali ilikuwa inafikiria mazingira, ila kwangu imeleta jingine: mtu anayetoka kwetu hatofautiani na anayetoka dukani kwa Mangi.

Nimeuweka ufunguo mwisho kwa sababu ndio ulionichukua muda mrefu kuuachia. Anayedhani ugomvi wa mgao ni mambo ya uswahilini kwetu asome Matendo ya Mitume sura ya 6: wajane wa upande mmoja wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yanazuka, wanachaguliwa watu 7. Saba! Mimi nilikuwa peke yangu kwa miaka minne, naitwa Mama Stoo mpaka sokoni, na jina lile lilinipendeza kuliko nilivyokubali. Nikisafiri, stoo inafungwa. Nikichelewa kwenye foleni ya daladala, watu wanakaa juani. Sasa mlango una kufuli mbili na funguo ziko kwa watu tofauti, hakuna anayeweza kuingia peke yake, hata mchungaji. Daftari la kaunta lina safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, baki, sahihi mbili. Na Alhamisi saa tisa mlango unafunguliwa hata kama ndani mna unga na chumvi tu. Mtu aliyetembea kutoka Kongowe akakuta kufuli mara mbili, mara ya tatu haji, na hutajua alikula nini.

Mwaka jana goti liliniweka kitandani kwa wiki tano. Alhamisi ya sita nilikwenda kwa bodaboda, nikakuta rafu zimehamishwa, chaga zimegeuzwa upande wa dirisha, kiti changu hakipo na paka amenenepa. Nikanyoosha mkono kuchukua daftari. Binti wa kwaya aliyekuwa zamu akaweka mkono juu yake, kwa adabu zote.

"Shikamoo Mama. Leo haumo kwenye zamu. Kaa pale kwenye benchi, tukimaliza tutakuonyesha."