Faragha, Udukuzi na Uvumi: Semantiki ya Sheria za Usalama wa Mtandao na Wakazi wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Makala haya yanachunguza upinzani wa umma dhidi ya sheria za Kenya zinazoiruhusu dola kuingilia mawasiliano na kuadhibu yanayoandikwa mtandaoni. Tumejikita katika Garissa, Wajir na Mandera kwa kuwa huko haja ya usalama na hofu ya kuchunguzwa hukaa nyumba moja. Hoja yetu ni kwamba mgogoro huu, licha ya kuwa wa kisheria na kisiasa, ni wa kisemantiki pia. Mwananchi hawezi kulipinga wala kuliunga mkono neno asilolijua mipaka yake.

Usuli

Uchunguzi wa wakazi wa eneo hili haukuanza na kompyuta. Hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 ilidumu kwa takribani miongo mitatu. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walitakiwa kuhakikiwa uraia wao upya na kupewa kadi maalumu, ingawa walikwisha kuwa na vitambulisho.

Mwishoni mwa 2014, Al-Shabaab waliwaua abiria 28 wa basi, kisha wachimba mawe 36, katika kaunti ya Mandera. Tarehe 18 Desemba 2014 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurugu ukumbini. Muungano wa upinzani wa CORD na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya wakaenda mahakamani. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano walibatilisha vifungu vinane, kikiwamo kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, ilhali kambi za Dadaab peke yake, zilizoko Garissa, zilikuwa na zaidi ya 300,000. Kifungu kilichoruhusu kuingilia mawasiliano ili kuzuia ugaidi hakikubatilishwa. Kabla ya wiki sita kupita, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Kwa hiyo, anayedai faragha Garissa hapaswi kudhaniwa kuwa hajui thamani ya ulinzi.

Mei 2018 ilitiwa saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Chama cha Wanablogu cha Kenya kiliipinga, na Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26 kwa muda. Februari 2020 mahakama hiyo iliamua kwamba vifungu hivyo havikukiuka Katiba, rufaa ikakatwa.

Uchambuzi wa maneno

(a) Faragha. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, ikiwamo ya mawasiliano. Wengi huichanganya na siri. Siri ni jambo linalofichwa. Faragha ni nafasi ambayo mtu ana haki ya kuwa nayo hata kama hana la kuficha. Kauli kwamba asiye na hatia hana haja ya kuogopa kuchunguzwa huonekana kuwa na mantiki pale tu maneno haya mawili yanapochukuliwa kuwa kitu kimoja.

(b) Udukuzi. Kudukiza ni kusikiliza mazungumzo ya watu kwa siri. Leo neno udukuzi limezoeleka kwa maana ya kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini. Hata hivyo, mwananchi akifanya hivyo huitwa mdukuzi, na afisa akifanya hivyo husemwa kuwa anachunguza. Kinachopaswa kutenganisha vitendo hivi ni idhini ya mahakama. Sheria ya 2018 ilimtaka afisa aiombe idhini hiyo kabla ya kunasa mawasiliano. Pasipo idhini, jina uchunguzi halistahili.

(c) Uvumi. Kifungu cha 23, kama kilivyopitishwa, kilimlenga anayechapisha kwa kujua habari za uongo zilizokusudiwa kuleta hofu au zinazoileta. Adhabu ilifika shilingi milioni tano au kifungo cha miaka kumi, au vyote viwili. Uongo una nia ya kupotosha, kosa halina. Uvumi ni habari isiyothibitishwa bado. Chukulia mtu anayewatumia jamaa zake ujumbe kwamba barabara ya Mandera si salama leo. Habari ikibainika kuwa si kweli, hofu itakuwa imekwisha kuingia, na mtumaji atategemea tafsiri ya maneno “kwa kujua”. Ndiyo maana mwaka 2015 majaji walikataa kifungu kingine cha uchapishaji kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana na yenye utata.

Hitimisho

Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7, na Ibara ya 10 inataka wananchi washirikishwe. Sheria ya 2018 ilichapishwa kwa Kiingereza. Mzee wa Ijara au mama muuza maziwa wa Garissa, ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili, anashirikishwaje? Tunapendekeza kwamba idara za Kiswahili zitafsiri miswada ya aina hii kabla haijapigiwa kura, zikishirikiana na wanasheria na wazungumzaji wa Kisomali. Istilahi ikichelewa hadi baada ya hukumu, itamfaa mwanakamusi tu.

Maswali ya mjadala
1. Tofautisha uchunguzi, upelelezi na udukuzi kwa kuzingatia mtenda na idhini.
2. Andika upya kosa la habari za uongo kwa Kiswahili kisicho na utata.