Nani Atamtunza Kijana?

Wakatekumeni, neno msimamizi mnalijua. Siku ya ubatizo msimamizi husimama karibu na yule anayebatizwa, na watu wote humwona. Lakini kazi yake yenyewe huanza kesho yake, watu wasipotazama tena. Kumlea kijana ambaye si mtoto wako ni kazi ngumu, na Mtakatifu Yohane Bosco aliijua kupita wengi.

Alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Becchi, kaskazini ya Italia. Baba yake alikufa yeye akiwa hajatimiza miaka miwili, na mama yake Margherita akamlea kwa jasho la shamba. Mwaka 1841 alipewa upadri, akaenda kukaa katika mji wa Torino. Siku zile vijana wengi walitoka vijijini wakaingia mjini kutafuta kazi ya kujenga nyumba na kazi nyingine za jasho. Ndugu hawakuwa nao huko. Padri mmoja, Giuseppe Cafasso, alimpeleka Yohane kuyaona magereza. Humo alikuta vijana wenye nguvu na akili, wanaliwa na wadudu, wanakaa bure. Jambo lililomchoma moyo zaidi ni hili: wengine walikuwa wamekwisha kufunguliwa na kutoka kwa nia njema, kisha baada ya siku chache wamerudishwa ndani. Kwa sababu gani? Walipotoka hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

Tarehe 8 Desemba ya mwaka ule ule, kijana mwashi aliingia katika sakristia ya kanisa moja la Torino. Mtumishi wa sakristia alimwambia atumikie Misa. Hakujua, akapigwa na kufukuzwa. Yohane Bosco akaamuru arudishwe, maana huyu ni rafiki yake. Yeye mwenyewe ameandika habari hiyo. Kijana alikuwa yatima wa baba na mama, kusoma hajui, kuimba hajui. Padri akamwuliza kama ajua kupiga mbinja. Hapo kijana akacheka, na mafundisho yakaanza. Dominika iliyofuata alirudi pamoja na wenzake.

Tazameni sasa, maana wengi husimulia habari ya mbinja na kusahau iliyofuata. Yohane Bosco hakutosheka na urafiki wa Dominika. Siku za kazi aliwafuata vijana wake mpaka mahali pa ujenzi na katika nyumba za mafundi, aone wanavyotendewa. Tena aliandika mapatano na mafundi hao. Mapatano ya Februari 1852, juu ya kijana Giuseppe Odasso aliyejifunza useremala, yamehifadhiwa hata leo. Fundi aliahidi kumfundisha kazi kwa miaka miwili, kumwonya kwa maneno tu bila kumpiga, kutomtumisha kazi isiyo ya useremala, kumwachia sikukuu zote, na kumpa siku 15 za kupumzika kila mwaka. Kijana naye aliahidi utii na bidii. Padri alitia sahihi pamoja nao. Mafundi wa kwetu wanaowatuma wanafunzi wao kuchota maji mwaka mzima wangefanya vema kuyasikia hayo!

Wana wake, Wasalesiani, walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911.

Huko Marekani nako, mwaka 1904, karani wa baraza la hukumu la watoto katika New York, Ernest Coulter, aliwaeleza wanaume wa kanisa moja taabu za watoto aliowaona barazani. Wanaume kama 40 wakakubali kila mmoja kumshika mtoto mmoja kama ndugu mdogo. Kazi hiyo ingali inaendelea. Mwaka 1995 wataalamu walitoa habari za vijana 959 waliochunguzwa: waliopewa mwenzi mkubwa walikosa siku za shule karibu nusu tu ya wenzao. Lakini uchunguzi mwingine, wa mwaka 2002, ulionyesha jambo la kutisha. Urafiki uliodumu mwaka au zaidi ndio uliofaa sana; walioachwa kabla ya miezi mitatu walijidharau kuliko mwanzo.

Kwa hiyo mkatekumeni anayechagua msimamizi asitazame saa ya mkononi wala duka la mtu. Kanisa lataka msimamizi awe, kwa kawaida, ametimiza miaka 16, amepata kipaimara, anaishi kwa imani, tena asiwe mzazi wa yule anayebatizwa. Zaidi ya hayo, afadhali jirani maskini utakayemkuta nyumbani jioni, kuliko mkubwa wa mjini anayeonekana Pasaka tu.

Maulizo ya juma hili: Msimamizi unayemtaka, umekwisha kumwuliza kama ataweza kukutembelea baada ya ubatizo? Na katika kijiji chako, ni kijana gani aliyerudi kutoka gerezani au migodini, na nani alimpokea?