SOMO LETU: Kabla ya Kuweka Python, Tukubaliane Kwanza

Tangu mwaka 2022, KICD ilipoidhinisha mafunzo ya kuandika programu shuleni, wazazi wa Kisii na Nyamira wanatuuliza: je, kompyuta zetu za mtumba zitafaa? Zitafaa. Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ni ya bure na haitaki mashine kubwa. Shida iko kwa namna ya kuiweka na kuitunza.

Sisi tulikosea. Tulimwachia kila kijana aweke mwenyewe. Wengine wakaweka Python 2, wengine Python 3. Mwalimu alipoandika zoezi ubaoni, mashine moja ilikubali, ya jirani ikakataa. Msichana mmoja akadhani yeye ndiye mjinga, akaacha kuja. Tukamfuata nyumbani kumwomba msamaha, maana kosa lilikuwa letu.

Basi tulijifunza haya:

1. Chagueni toleo moja la Python 3 kwa mashine zote. Python 2 iliachwa kutunzwa tarehe 1 Januari 2020. Windows 7 haipokei Python 3.9 wala zilizofuata. Mashine kama hiyo afadhali iwekewe Linux nyepesi. Linux nyingi huja na Python tayari. Msiifute, kwa sababu mashine yenyewe huitegemea.

2. Pakueni mara moja tu kutoka python.org, mtie kwenye flashi, mzungushe. Bando halitaisha bure. Kwenye Windows, msisahau kutia alama penye neno PATH, ili mashine ijue Python iko wapi.

3. Kila kazi iwe na folda yake na venv yake. Hivyo nyongeza za kazi moja haziharibu nyingine, kama vile mtu hachanganyi mbegu za mahindi na za wimbi katika gunia moja.

4. Wekeni daftari: tarehe, toleo, na nani aliweka. Msibadilishe toleo katikati ya muhula. Ngojeni likizo, mjaribu mashine moja kwanza. Kila toleo hutunzwa kama miaka 5, kwa hivyo hakuna haraka.

Yule msichana alirudi. Leo daftari letu analiandika yeye.

Ya kujadili kikundini:
– Mashine zetu zina toleo gani? Tuna hakika?
– Kijana akishindwa, tunachunguza mashine kwanza ama tunamlaumu yeye?