SOMO: WENYE BIASHARA YA MAGARI WANAIOMBA NINI SERIKALI?



Baadhi yenu mmetuuliza: kodi ya magari inamhusu nini mchuma chai wa Shagasha au mfanyakazi wa saruji wa Bugarama? Inamhusu. Majani ya chai hayaendi kiwandani kwa miguu, na nauli ya basi la Kigali kupitia Nyungwe imebeba ndani yake bei ya basi, ya mafuta na ya vipuri.

Tuanze na hesabu, polepole. Sisi wenyewe tuliishia shule ya msingi na ilituchukua jioni mbili. Gari dogo limeingia likiwa na thamani ya faranga 5,000,000. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia 25, yaani faranga 1,250,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, haitozwi kwenye zile milioni 5 peke yake bali na juu ya ushuru; hata tukiacha kwanza ushuru wa bidhaa, tunaanzia 6,250,000, basi ni 1,125,000 nyingine. Tumefika 7,375,000, na bado ushuru wa bidhaa na ada ndogo ndogo. Angalieni: kodi imetozwa juu ya kodi. Ndiyo maana ombi la kwanza la wafanyabiashara hawa ni kupunguziwa.

Lakini hawaombi kwa sauti moja. Mwenye kiwanda cha kuunganisha magari anataka magari yaliyotumika yazuiwe. Kenya ni shahidi: soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari ya mitumba yalijaa na viwanda vya kuunganisha vikadhoofika, leo haipokei gari lililozidi miaka 8. Mwuza mitumba naye anataka mlango uachwe wazi, na fundi wetu wa Kamembe yuko upande wake, maana gari jipya halimletei kazi.

Hapa Rwanda, Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari Kigali mwaka 2018. Mwaka 2021 serikali iliyaondolea magari ya umeme ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria haiandikishwi Kigali isipokuwa ya umeme. Hatupingi, moshi tunauvuta sisi. Ila pikipiki ya umeme haina plagi, haina kabureta, haina oili ya injini ya kubadilisha. Kijana aliyejifunza ufundi miaka 3 chini ya mparachichi, bila mkataba wala bima, atakula nini?

Basi nasi tuna ombi letu, na si refu. Serikali ikimsamehe mwenye mali kodi, imwandikie masharti: awafundishe mafundi waliopo kazi ya betri na umeme, awape mkataba wa maandishi, awaandikishe katika bima ya jamii. Fedha iliyosamehewa ingejenga shule na barabara zetu.

Juma lijalo tutasoma mkataba wa kazi, kifungu kwa kifungu. Mwenye nakala aje nayo. Asiye nayo aje aseme kwa nini hakupewa.