Maonyesho ya urejelezaji yatanisaidia nini?

SWALI: Nanunua chupa za plastiki kwa waokota makopo Dar es Salaam na kuziuza kwa kilo. Nimealikwa kwenye maonyesho ya biashara ya urejelezaji. Niende?

JIBU: Nenda, ndugu yangu. Kwanza, utakutana ana kwa ana na wenye viwanda, bila dalali katikati. Pili, utaona mashine zikifanya kazi: chupa zikishasagwa, vipande vya PET, yaani plastiki ya chupa zenyewe, huzama majini, vya vifuniko huelea. Tatu, utaelewa kwa nini mzigo hushushwa bei: PVC, plastiki ya aina nyingine, ikichanganyika hata kidogo tu huharibu PET inapoyeyushwa. Beba sampuli ya mzigo wako, umuulize kila mnunuzi bei na masharti yake. Jasho lako na la waokota makopo linastahili bei ya haki.