Somo la Robo Hii: Tuhesabu Pia Nguo Zinazorudi



Vijana wanaomaliza vyuo hutuuliza juu ya kazi mpya zenye majina marefu. Mojawapo ni ile ya meneja mwandamizi wa bidhaa za data katika duka la nguo la mtandaoni. Tumeona tuieleze hapa, kwa sababu inagusa kosa tulilolifanya katika mradi wetu wenyewe wa ushonaji.

Tuchukue mfano wa duka la Zalando. Lilianzishwa mjini Berlin, Ujerumani, mwaka 2008 na Robert Gentz na David Schneider, likianza na viatu. Mteja huagiza, hujaribu nguo nyumbani kwake, na isipomfaa huirudisha. Sheria ya Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi wa mtandaoni walau siku 14 za kubadili nia. Duka hilo limeeleza kwamba takriban nusu ya vitu vinavyoagizwa hurudi, na kwamba karibu theluthi moja ya hivyo hurudi kwa sababu ya saizi. Kila kinachorudi husafirishwa, hukaguliwa, hukunjwa upya na kupelekwa ghalani, yote kwa gharama.

Hapo ndipo meneja huyu anapoingia. Hashoni, hauzi, na mara nyingi si yeye anayeandika programu. Kazi yake ni kuamua data zitengenezewe kitu gani cha kumsaidia mtu, kama vile sentensi fupi inayomwambia mteja kwamba kiatu hiki ni kidogo kuliko kawaida, achukue saizi ya juu yake. Nyuma ya sentensi hiyo wapo wataalamu wa takwimu, wahandisi na wanasheria, kila mmoja na matakwa yake. Meneja huwaketisha pamoja (wanakamati mnaijua adha yake), hupanga kitangulie nini, na ndiye anayeulizwa matokeo yakiwa mabaya.

Ugumu ni kwamba saizi si lugha moja. Namba 38 ya Ujerumani huandikwa 40 Ufaransa, na hata kampuni mbili za nchi moja hazikati nguo sawasawa. Tena hesabu yenyewe inaweza kudanganya. Mteja aliyeagiza saizi mbili za gauni moja kwa makusudi atarudisha moja, ingawa zote zimeshonwa vizuri. Na ukimpima meneja kwa kupungua kwa nguo zinazorudi peke yake, njia rahisi ni kumtia mteja hofu asinunue kabisa! Kwa hiyo hujaribu kwanza: kundi moja la wateja huonyeshwa ushauri, jingine halionyeshwi, kisha hulinganishwa nguo zilizobaki mikononi mwa wateja.

Mwaka 2020 Zalando ilinunua kampuni ya Uswisi iitwayo Fision, na mwaka 2023 ikaanza kuwapa baadhi ya wateja ushauri wa saizi kutokana na picha mbili wanazojipiga kwa simu. Fikirini uzito wa kumwomba mama wa watu ajipige picha akiwa amevaa nguo za kubana. Tangu mwaka 2018 sheria ya Ulaya ya kulinda data binafsi inadai mtu aelezwe data zake zinatumika kwa kazi gani. Kwa maoni yetu, meneja mzuri huuliza kama kipimo kinahitajika kweli kabla ya kukiomba.

Sasa turudi kwetu. Kikundi chetu kilishona sare za shule kwa kufuata umri wa watoto. Taarifa tuliyowapelekea wafadhili ilisema sare zote zimegawiwa, na ni kweli ziligawiwa. Safu ya zilizorudi haikuwepo. Tulizikuta ndani ya gunia, stoo ya shule, mwalimu alipotuita. Watoto wawili wa miaka 9 walipewa sketi za kipimo kimoja. Mmoja ilimpanda juu ya magoti, mwenzake iliburuza chini. Mafundi walituambia walijua tangu wiki ya kwanza, ila fomu yetu haikuwa na mahali pa kuandika.

Siku hizi kila mtoto hupimwa kwa futi, na daftari lina safu mbili zaidi: iliyorudi, na sababu yake.

Tunaomba kila kamati ije na taarifa yake ya mwisho kwenye kikao kijacho, na wajumbe wajadili: katika mradi wetu gunia liko wapi, na ni nani tayari amekwisha kuliona?